Mkono wa Chengo Uliofungwa

Paukwa!
Pakawa!
Ngano yangu ina mwiba.
Ilete, nyayo zetu ngumu!

Hapo kale alizaliwa mtoto, akaitwa Chengo. Mama yake akaenda kwa mpiga ramli, Mzee Tsuma, aulize nyota ya mwanawe. Tsuma akatandaza mchanga, akachora, akasema, "Mkono wa kulia wa mtoto huyu utaua..."

Mama akapiga yowe, akatoka mbio. Tangu siku ile mkono ule ukafungwa kifuani kwa kitambaa.

Chengo akakua. Wenzake wakamwita, "Njoo tupige ngoma!"

"Niacheni. Mkono huu umeandikiwa damu."

Wakamwita, "Njoo tulime!"

"Niacheni. Mkono huu umeandikiwa damu."

Akamwoa Mbodze, mwanamke wa kicheko. Mbodze akamwambia, "Mume wangu, fungua, unikumbatie."

"Niache, mke wangu. Mkono huu umeandikiwa damu."

Nani hapa angefungua? Chengo hakufungua.

Asubuhi moja wakaenda kisimani. Mvua ilikuwa imelainisha ukingo. Mbodze kainama kuteka, udongo ukaporomoka, puu! Akadaka mzizi.

"Chengo! Nipe mkono!"

Akampa wa kushoto. Akavuta, akavuta, akavuta. Wapi!

"Na wa pili, Chengo! Na wa pili!"

Akauachia mkono wa Mbodze, akamwacha kaning'inia mzizini, vidole vyake vya kushoto vikagusa fundo la kitambaa. Moyo ukamwambia: ukiufungua, utamuua. Akasita.

Mzizi ukakatika.

Jamani! Yalisikika maji, kisha hayakusikika tena.

Walipomtoa Mbodze, roho haimo. Chengo akakimbia kwa Tsuma, sasa kikongwe.

"Babu! Imetimia! Mkono wangu umeua!"

"Umeuaje, na umefungwa?"

Chengo akaeleza yote. Mzee akashika kichwa.

"Ole wangu! Mama yako alikimbia sijamaliza. Nilikuwa naendelea: utaua au utaokoa, mwenye mkono ndiye atakayeamua. Nilimwita, hakugeuka. Nikasema, mtoto akikua atakuja kuuliza mwenyewe. Mbona hukuja?"

Chengo akakaa chini kwenye vumbi.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa kusikia zaidi."

Akakirarua kitambaa kwa meno. Mkono ukaanguka pembeni, mwembamba, mweupe kama mzizi wa muhogo uliomenywa. Akautazama kama wa mtu mwingine.

Matangani watu walimfariji, "Ajali haina kinga, Chengo. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mama mzaa Mbodze akainua uso. "Kinga ilikuwapo," akasema. "Ilikuwa imefungwa kifuani."

Waliokuwa wakilia wakaacha.

"Mama," akasema Chengo, "nimeishi kama yule mtu niliyeambiwa kuwa ndimi. Huyu Chengo mwenyewe, simjui."

Mama yule akamgeukia.

"Basi nenda kamtafute, mwanangu. Ukimpata, mwambie mimi nilikuwa na binti."

Ngano imefika kizingitini, siivushi. Aliyesikia ameshiba, mwenye swali na alale nalo.