Magoti ya Diwani

Picha haisemi, husemeshwa. Mmeusikia msemo huu asubuhi hii kwa mama muuza mihogo, mlipokuwa mmeinamia simu mkicheka picha ya yule mgombea mwanamke aliyenaswa akipiga miayo. Aliwakata kicheko kwa maneno hayo matatu, nanyi mkanijia kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Si wa kale sana. Niliuona ukizaliwa, maana miaka ile nilikuwa mpanga kurasa wa gazeti lililousababisha. Chanzo chake ni hiki.

Katika mji wa Lwamba palikuwa na gazeti la kila wiki, Kengele ya Ziwa. Mpiga picha wake alikuwa binti mmoja, Veneranda Kokuhirwa, mwanamke pekee katika chumba chetu cha habari. Alikuwa hodari, lakini kwa miaka mitatu picha zake zilizikwa kurasa za ndani, kati ya matangazo ya mazishi na bei ya pamba. Ukurasa wa kwanza aliuota kama mtu anavyoota kuolewa.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Waliosimama kugombea ubunge walikuwa wawili. Mmoja Bwana Fidelis Mgeta, mfanyabiashara wa mbao. Mwingine Bi. Nyanzobe Lutobeka, mjane wa makamo, diwani wa miaka kumi. Jambo kubwa mwaka ule lilikuwa daraja la Mto Kasenyi, lililochukuliwa na mafuriko. Ng'ambo ya mto walibaki watu wa vijiji vitatu, na zahanati ilikuwa upande huu. Watu walikuwa wakivuka juu ya magogo mawili yaliyofungwa kwa kamba. Nyanzobe alikuwa ameandika barua juu ya daraja hilo hadi makarani wa wilaya wakaujua mwandiko wake.

Siku moja wagombea wote wawili walikwenda mtoni, kila mmoja kwa wakati wake, na Veneranda akatumwa kuwapiga picha. Asubuhi alifika Mgeta. Alivua viatu, akakunja suruali hadi juu ya magoti, akasimama majini dakika chache, akaondoka. Mchana alifika Nyanzobe. Yeye alivuka hadi ng'ambo, akapima kwa kamba upana wa mto, akakaa na wanawake wa kule akiwasikiliza. Wakati wa kurudi gogo lilizunguka chini ya mguu wake. Aliinua gauni asijikwae, likapanda hadi magotini, na dereva wake akamdaka kiunoni. Dereva huyo aliitwa Lugiko, mtoto wa dada yake, mzaliwa wa ng'ambo ileile. Nyanzobe alicheka kwa hofu, kama yeyote aliyenusurika. Veneranda akabonyeza.

Alipokuwa akisafisha picha aliiona ile ikijitokeza kwenye karatasi, mdomo wazi, gauni juu, mikono ya kijana kiunoni. Zilikuwapo nyingine ishirini na tisa. Ilikuwapo ya Nyanzobe ameshika kamba, uso umekaza, maji yanapita kasi nyuma yake. Veneranda aliijua kuwa ndiyo picha ya kweli ya siku ile. Lakini alimjua pia mhariri wake, Bwana Kashaija. Alipopanga picha za kumpelekea, ile ya kamba aliiweka chini. Ya gauni akaiweka juu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kashaija hakufika kwenye picha ya pili.

"Hii ndiyo," alisema. "Huyu kijana ni nani?"

"Mtoto wa dada yake. Ndiye anayemwendesha."

"Hilo halina haja ya kuandikwa."

"Lakini, bwana, watu watadhani..."

"Watu watanunua, Vene. Na jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza."

Veneranda akakusanya zile picha nyingine. Mimi nilikuwa mezani kwangu na rula mkononi, nikasikia yote, nikaendelea kupiga mistari.

Jumamosi gazeti likatoka. Picha mbili ziliwekwa ubavu kwa ubavu, na magoti yalionekana katika zote mbili. Chini ya Mgeta tuliandika: "Mtu wa kazi, akunja suruali na kuingia mtoni." Chini ya Nyanzobe: "Diwani ajiachia mikononi mwa kijana wake."

Gazeti lilikwisha kabla ya adhuhuri. Jumapili mapadri waliligusia kwenye mahubiri bila kutaja jina. Jumatatu vijana wa stendi walikuwa na wimbo. Kwenye mikutano ya Nyanzobe watu walikuja wengi kuliko mwanzo, lakini akitamka neno "daraja" sauti ilitoka nyuma: "Inua gauni kwanza, mama." Ndugu za marehemu mumewe walimwita kwenye kikao, wakamtaka aache siasa asije akalichafua jina la kaka yao. Lugiko aliacha kumwendesha. Mke wake alikuwa amechoka kuulizwa kisimani kama mumewe bado analala nyumbani.

Veneranda aliyasikia yote. Alijituliza kwa kusema hakumpaka mtu rangi, alichopiga ndicho kilichotokea. Neno hilo alilirudia hadi likamchosha mwenyewe.

Mgeta alishinda kwa kura nyingi. Alikwenda bungeni, na habari za daraja zikafa. Masika ya kwanza baada ya uchaguzi, mwanamke mmoja wa ng'ambo alishikwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, na kufikia saa nne mkunga wa kijiji akasema hawezi kumzalisha. Wanaume wanne wakambeba kwa kitanda cha kamba kumpeleka zahanati. Mmoja wao alikuwa Lugiko. Walipofika katikati, kamba iliyofunga magogo ilikatika. Watatu waliogelea wakatoka. Mwanamke hakuonekana tena, wala mtoto wake aliyekuwa tumboni. Lugiko alipatikana siku ya pili, amenasa kwenye matete.

Kashaija alimwita Veneranda. "Nenda msibani. Nataka picha ya Nyanzobe akilia."

Veneranda alikwenda. Alimkuta Nyanzobe ameketi juu ya mkeka kati ya wanawake wa ukoo, khanga kichwani, macho makavu. Alipiga magoti mbele yake, kamera ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, mama. Poleni kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Nyanzobe aliiangalia kamera. "Umetumwa."

"Nimetumwa. Lakini sitapiga. Mama, ile picha ya siku ile. Sikujua kama ingesema mambo yale."

Wanawake wakageuka kusikiliza.

"Picha haisemi, mwanangu," alisema Nyanzobe taratibu. "Husemeshwa. Mgeta naye alionyesha magoti, mbona yake yalisema kazi? Nani aliyafundisha magoti yangu kusema uhuni?"

"Mhariri ndiye aliyeandika."

"Na kati ya picha zote ulizopiga, nani aliyemchagulia ile?"

Veneranda angeweza kusema aliogopa, au kwamba Kashaija angeitafuta mwenyewe. Alitazama mikono yake.

"Ni mimi," alisema.

Nyanzobe hakumfukuza wala hakumsamehe. Aliweka mkono juu ya bega la mjane wa Lugiko aliyekuwa kando yake. "Huyu alikuwa na mume," alisema. "Mimi walinivua heshima, na mwenye roho anaweza kuishi bila heshima. Waliokuwa wakiningoja niwavushe ndio wamekufa."

Veneranda alirudi mikono mitupu, akaweka kamera juu ya meza ya mhariri na barua ya kuacha kazi. Mkidhani hadithi imeishia hapo kwa wema, haikuishia. Kashaija alimtuma mwingine makaburini. Jeneza liliposhushwa Nyanzobe alianguka, khanga ikamtoka. Jumamosi ile tukachapa: "Hata msibani hajui kujisitiri." Ukurasa niliupanga mimi, na mikono yangu haikutetemeka.

Ila safari hii walikuwapo wanawake waliokuwa mkekani, waliosikia kwa masikio yao. Walikwenda sokoni na maneno yale. Muuza magazeti alipoinua karatasi na kuita wateja, bibi mmoja alimjibu, "Picha haisemi, husemeshwa," akapita. Kesho yake wakamjibu watatu. Baadaye yakasemwa barazani na darasani, hadi wengi wakasahau yametoka kinywani mwa nani.

Nyanzobe hakugombea tena. Alikufa kabla daraja halijajengwa, na lilipojengwa lilipewa jina la Mgeta. Veneranda nilimwona mara moja tu, miaka mingi baadaye, akiuza vitambaa katika mji mwingine. Nilimsalimu. Aliitikia, akaendelea kupima kitambaa cha mteja.

Sasa ishikeni tena hiyo simu. Yule mgombea alipiga miayo kwa nukta moja katika mkutano uliochukua saa tano. Kuna aliyeipitia siku nzima ya kazi yake akachagua nukta hiyo, na kuna aliyeongeza maneno chini, na kuna nyinyi mliocheka na kuisambaza. Picha haisemi, wajukuu zangu. Husemeshwa.