Ndovu Wanaitana kwa Majina

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na kila ng'ombe alikuwa na jina lake. Palikuwa na Waridi, palikuwa na Malkia, palikuwa na Zawadi aliyependa kupiga ndoo teke. Mbwa aliitwa Chui. Hata pampu ya maji ilikuwa na jina. Waliiita Bibi Harusi, maana haikutoa maji mpaka ibembelezwe. Mtu huyo ni Mwadime, na shamba lake lilikuwa chini ya vilima vya Taita, pale mashamba yanapokwisha na mbuga ya wanyama inapoanza. Kati yake na ndovu palikuwa na ua wa waya na korongo moja tu.

Alikuwa pia na mfanyakazi. Huyu alikamua ng'ombe, alikata nyasi, alilinda mahindi, na alilala katika chumba cha mabati kando ya zizi. Aliitwa Kijana. Msicheke. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi na kwao alikuwa na wajukuu. Lakini aliyeifanya kazi ile kabla yake aliitwa Kijana, na siku huyu alipofika na mfuko wake wa nguo begani, Mwadime alimwambia, "Karibu, kijana, zizi ni lile pale." Basi likabaki hilo.

Tusimwonee Mwadime. Hakuwa mtu mbaya. Mshahara hakuuchelewesha, na alimpa mkononi, maana mwenzake hakuwa na simu. Sikukuu alimkatia nyama ya paja, hakumkatia shingo. Kijana alipougua homa, alimpelekea uji mwenyewe, akakaa mlangoni mpaka akaumaliza. Wiki ya kwanza alikusudia kumuuliza jina, akashikwa na shughuli za mavuno. Mwezi ulipopita akaona haya kidogo. Mwaka ulipopita haya ikawa kubwa, maana utaanzia wapi? Utamwambiaje mtu aliyekukamulia ng'ombe mvua na jua, "Samahani, hivi wewe unaitwa nani?" Akaliacha jambo hilo kama mtu anavyoacha tundu dogo la paa wakati wa kiangazi. Mkewe, Mghoi, alimwita mjomba kwa sababu watoto walimwita mjomba. Miaka ikaenda.

Asubuhi moja, Mwadime akiwa anakunywa chai, redio ikatoa habari ya ajabu. Ilisema watafiti walikaa porini miaka mingi wakirekodi ngurumo za ndovu, zile za chini kabisa ambazo sikio la binadamu huzipata kwa shida. Wakazitia katika kompyuta iliyofundishwa kupambanua sauti, nayo ikaonyesha jambo ambalo wengi hawakulitegemea: yaelekea ndovu huitana kwa majina. Watafiti wakachukua ngurumo ambayo ndovu mmoja alikuwa ameitwa kwayo, wakaipiga kwa kipaza sauti kichakani. Yule mwenye jina akageuka, akajibu, akaisogelea sauti. Walipompigia ngurumo aliyoitiwa mwenziwe, hakujishughulisha nayo sana.

Mwadime aliduwaa, kikombe mkononi. Lo! Hawa hawa wanaokula mahindi yangu! Habari ile ilimwingia kweli. Aliisimulia kwenye mashine ya kusaga, akaisimulia kanisani baada ya ibada, akaisimulia mezani mpaka Mghoi akamwambia, "Baba Mkamburi, hao ndovu wako tumewasikia tangu juzi. Hebu tule." Lakini hakunyamaza. Kila alipoitoa habari hiyo, moyo wake ulichangamka. Ukubwa wote ule, alisema, na bado kila mmoja anajulikana na wenzake kuwa ni fulani!

Jioni akaipeleka zizini. Kijana alikuwa amechutama chini ya Waridi, anakamua. "Umesikia, kijana?" Mwadime akasema. "Ndovu wana majina! Wanaitana porini huko, huyu fulani, yule fulani, na mwenye jina anaitika!"

Mikono ya mtu yule ikasimama. Akainua uso, akamtazama bosi wake, na akaendelea kumtazama, kama anayengoja neno lililobaki. "Ni ajabu, mzee," akasema.

Naye Mwadime alilisikia lile neno lililobaki. Lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, jepesi kabisa. Masikio yalimwaka moto. Waridi akatikisa mkia. Mwadime akakohoa, akasema, "Haya, ukimaliza uwape maji," akarudi nyumbani haraka kuliko ilivyohitajika. Usiku ule hakuisimulia tena ile habari ya ndovu, na Mghoi alishangaa.

Ukaja msimu wa baridi, na pamoja nao ukungu. Wa kwetu mnaujua ukungu huo. Unashuka mlimani alfajiri na haunyanyuki mpaka jua limepanda, na ukinyoosha mkono huoni vidole. Asubuhi kama hiyo, jua likiwa limetoka lakini halionekani, ndovu wakavunja ua wa Mwadime. Waya ukalia, miti ikavunjika, Chui akabweka akakimbilia chini ya ghala. Waridi, mwenye mimba ya miezi mingi, akakata kamba akakimbilia upande wa korongo. Kijana akamfuata bila kuambiwa.

Baada ya muda Waridi akarudi peke yake, anatetemeka, kipande cha kamba shingoni. Kijana hakurudi.

Mwadime akachukua fimbo akaingia ukunguni. Huku na huku majirani walikuwa wanapiga madebe na kupiga kelele, maana kundi lilikuwa limetapakaa mashambani. Akasimama ukingoni mwa korongo, akaita kwa nguvu zake zote, "Kijana! Kijana!"

"Naam!" ikaitika sauti upande wa kushoto. Akakimbia kuifuata, akakuta ni barobaro mmoja mwenye sufuria na mwiko, mfanyakazi wa Mwakio, jirani yake. Akarudi, akaita tena. "Nakuja!" ikaitika sauti ya chini, na huyo naye alikuwa wa shamba jingine. Kila shamba upande ule lilikuwa na Kijana wake, na asubuhi hiyo kila mwenye shamba alikuwa anamwita wake. Mwadime aliita mpaka sauti ikamkauka. Aliyemtaka hakuitika.

Mwakio akaja kumsaidia, na askari wa wanyamapori mmoja akatokea na bunduki begani. Askari akatazama chini, akaona nyayo za ndovu na, katikati yake, alama za kandambili za mtu aliyekuwa anakimbia. Palikuwa na damu kwenye majani. Mbele kidogo mawe yalianza na alama zikapotea.

"Kama yu hai," askari akasema, "amejificha. Na aliyejificha ndovu wakiwa karibu haitikii kelele kama hizi, maana kelele ziko kila mahali. Anatunza pumzi yake. Mwiteni kwa jina lake, ajue ni yeye anayetafutwa."

Mwakio akamgeukia jirani yake. "Haya, mwite. Anaitwa nani?"

Mwadime akafungua kinywa. Enyi mnaonisikiliza, mtu huyu alikuwa na maneno. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, hakuna siku aliyokosa la kusema. Akafungua kinywa, na ndani hamkuwa na kitu. Akaliona jina la Waridi, akaliona la Malkia, akaliona la mbwa aliyekuwa amejificha chini ya ghala, na mahali pa jina la mtu aliyelala hatua chache kutoka dirishani kwake miaka yote ile palikuwa patupu. Aibu ilimpanda mpaka macho yakaingia maji.

"Sijui," akasema.

Mwakio hakumcheka. Naye alikuwa anajiuliza wake anaitwa nani.

Mwadime akageuka akakimbia. Alikimbilia nyumbani kwanza. Mghoi aliposikia swali akashika kichwa kwa mikono miwili: "Mungu wangu. Mjomba. Mimi namwita mjomba." Watoto nao hawakujua. Akatoka, akakimbia barabara ya vumbi mpaka kwenye kibanda kilicho karibu na mashine ya kusaga, ambapo mama mmoja aitwaye Wakesho huuza uji na mandazi. Hapo ndipo mfanyakazi wake alipozoea kunywa uji akileta mahindi.

"Mama Wakesho," akasema akihema, "yule mtu wangu. Yule wa ng'ombe. Anaitwa nani?"

Wakesho akamtazama, upawa mkononi. Angeweza kumwambia mengi. Lakini aliona kandambili zake zilivyojaa matope na uso wake ulivyo, akamhurumia. "Tsuma," akasema. "Tsuma wa Nyawa. Ametoka Kinango. Ni jina la babu yake. Mama yake bado yuko hai, haoni, lakini akimsikia akiingia uani humwita kabla hajabisha hodi."

"Wewe ulijuaje?"

"Nilimuuliza, baba."

Mwadime alirudi mbio akilitaja jina hilo njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa. Tsuma. Tsuma wa Nyawa. Pumzi ilimkata, hakusimama. Alipofika ukingoni aliwasihi watu wanyamazishe madebe, nao wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka bonde likatulia na ukungu umelala juu yake. Ndovu walikuwa wanasikika kwa mbali sasa, wanavunja matawi ng'ambo. Mwadime akaweka mikono kinywani.

"Tsuma!" akaita. "Tsuma wa Nyawa!"

Akaita tena, na safari hii sauti ilimkatika katikati.

"Niko hapa, mzee."

Sauti ilitoka karibu sana, chini ya miguu yao, mahali ambapo ukingo umeliwa na maji ukaacha uwazi kama kibanda. Mwadime alikuwa amepita juu yake kila alipokuwa anaita Kijana. Wakashuka, wakamkuta amelala ubavu, mguu umevunjika chini ya goti na shati lake amelifunga penye damu. Midomo ilikuwa imepauka kwa baridi. Alisema ndovu mmoja alisimama ukingoni, juu ya kichwa chake, muda mrefu, mpaka udongo ukawa unamdondokea usoni. Makelele aliyasikia yote. Alisikia Kijana huku, Kijana kule, akajua kila mtu anamwita wake, na yeye akinyanyua sauti huenda atakayemfikia kwanza ni ndovu. Baadaye usingizi ulianza kumchukua, ule usingizi mbaya wa mtu anayepoteza damu, na alikuwa karibu kuukubali.

"Halafu nikaitwa," akasema.

Wakambeba juu ya mlango wa ghala uliong'olewa mpaka kwenye pikapu ya Mwakio. Mwadime akapanda nyuma pamoja naye, akampakata kichwa mapajani, akamfunika kwa koti lake la kanisani, ambalo Mghoi alilitupia ndani bila kuombwa. Barabara ilikuwa mbaya. Kila gari liliporuka, yule mgonjwa aliuma meno, na Mwadime akasema pole, pole, Tsuma, pole. Alilitaja jina kila mara, hata pale lilipokuwa halina kazi.

Walipofika kwenye lami akasema, "Nisamehe. Sikulijua jina lako. Asubuhi ya leo nimelisikia kwa Mama Wakesho."

Tsuma akafumbua macho, akamtazama. Kisha akasema pole pole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mwenzake: "Mwanzoni nilikuwa nangoja uniulize, mzee. Baadaye nikaacha kungoja."

Mwadime akalia. Alilia wazi mbele ya Mwakio, ambaye alimwona kwenye kioo cha gari akageuza macho. Na Tsuma, aliyekuwa na mguu uliovunjika na kila sababu ya kulia mwenyewe, akautoa mkono wake chini ya koti, akamshika kiganja, wakaenda hivyo mpaka hospitali.

Mapokezini, muuguzi alichukua kalamu bila kuinua macho. "Mgonjwa anaitwa nani?"

"Tsuma wa Nyawa," Mwadime akajibu, kwa sauti kubwa mno, hata watu waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka. "Wa Kinango. Ni jina la babu yake."

Mguu ulipona, ingawa anachechemea wakati wa baridi. Waridi alizaa ndama jike, na Mwadime akataka Tsuma ndiye ampe jina. Redio bado iko mezani, na bado inaleta habari: chombo kimetua mwezini, mashine imejifunza kuzungumza, ndovu wanaitana porini. Mwadime huzisikiliza zote, na hustaajabu kama zamani, kwa kuwa ni za kustaajabisha kweli. Ila siku hizi, kabla ya kwenda kuzisimulia, hunyanyuka kwanza akaenda zizini kusalimia.

Nanyi niliowaona mkitikisa vichwa niliposema kwamba ndovu anamjua mwenziwe kwa jina, niambieni hili tu kabla hatujatoka: aliyekupikia chai uliyokunywa leo asubuhi kabla ya kuja hapa, anaitwa nani?