Midomo ya Saumu na Pole Isiyosemwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, bando zimeshapanda bei na ajira zimeshaisha, palikuwa na mwanamke mjini Tanga aitwaye Saumu. Mumewe, Hamdani, alikuwa dereva Maskati. Ndoa yao iliishi kwenye simu. Saumu alipika wali wa mtu mmoja, akala akiitazama simu iliyozimika. Ikiita, alijipaka poda kwanza.

Siku moja Hamdani akacheka: "Bebi, huku wanawake wana midomo imejaa, yako kama mstari wa rula! Utani tu lakini."

Utani tu. Saumu alijitazama kwenye kioo hadi chai ikapoa.

Na alikuwa na mimba changa, zawadi ya likizo ya Hamdani. Aliyejua ni mkwewe peke yake, Bi Tunu, naye alishamkataza: "Mwanangu, mimba changa haitajwi. Watu wana macho. Hata Hamdani asijue, hana kifua yule, ataitundika kwenye status."

Saumu akaenda saluni kwa Devota. Devota alikuwa na degrii ya uuguzi, lakini ajira zina wajomba wenyewe, basi akawa anachoma watu filla, ile jeli ya kujaza midomo. Saluni ilifurika. Devota akauliza kwa sauti, sindano mkononi: "Dada, una mimba? Mjamzito simchomi, siriasi."

Wanawake wote wakatega masikio.

"Mimba? Na mume yuko Maskati?" akasema Saumu. Wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Muda mrefu alikuwa hajacheka na watu. Sindano ikaingia.

Baada ya siku chache mdomo ukavimba, ukatunga usaha, homa ikampanda. Hospitalini wakampima, mimba ikaonekana, daktari akamwambia: "Usaha tutautibu, kuna dawa zinazomfaa mjamzito. Jeli yenyewe, sikudanganyi: haijachunguzwa vya kutosha kwa wajawazito, ndiyo maana tunasema subirini mjifungue. Huenda mtoto hana neno. Ila kukuhakikishia, siwezi."

Saa ya kuona wagonjwa, Bi Tunu akaja, Devota akaja, Hamdani akawekwa kwenye spika.

"Mimi nilimlinda mjukuu wangu na mahasidi!" akasema Bi Tunu. "Nilimwambia afiche kwa watu, sikumwambia afiche kwa sindano!"

"Mimi niliuliza!" akasema Devota. "Saluni nzima shahidi!"

"Ndiyo ulivyouliza, kama mnadani! Nani angejibu pale?" akadakia Bi Tunu.

"Jamani, mimi nimetania tu!" ikapiga kelele simu. "Nina mtoto, na hamkuniambia? Mama, hata wewe?"

Saumu alitaka kusema kwamba na yeye alikana, tena akicheka. Mdomo haukufunguka. Akaweka kiganja tumboni, chini ya shuka, akangoja mmoja wao ainame amtazame. Waligombana juu yake kama watu wanaogombania kiti. Muda ukaisha, nesi akawatoa, wakaendelea kubishana koridoni. Simu ilishakata zamani.

Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu mbiombio kama mabosi wa intavyu wanaosema 'tutakupigia' kabla hujakaa. Mume alitania, mkwe alificha, Devota aliuliza hadharani, Saumu mwenyewe akakana. Mtoto yumo humo tumboni, na hakuna ajuaye kama yu salama. Je, nani alistahili kugeuza njia arudi wodini, au apige tena simu, awe wa kwanza kumwambia Saumu pole?