Miiba Mingapi, Mwanamvua?

Jamani, hadithi niivute?
Ivute!
Niivute polepole?
Ivute itufikie!

Hapo kale jua lilikausha visima vyote, ikabaki chemchemi moja tu. Nungunungu akajikalia pale, akajifanya mwenye chemchemi. Kila ajaye na mtungi humwambia: "Fumba macho, geuza mgongo! Nimekugusa kwa miiba mingapi? Ukipata, teka. Ukikosa mara tatu, usirudi!"

Alikuwapo mfinyanzi mmoja, Mwanamvua, akiishi na mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa mgonjwa, midomo imempasuka kwa kiu, na nyumbani yamebaki madafu mawili tu.

Mwanamvua akaenda. Akafumba macho, akageuza mgongo. Chwi!

"Mmoja!"

"Miwili!" Nungunungu akacheka, miiba ikalia cha-cha-cha.

Siku ya pili, chwi!

"Miwili!"

"Mitatu! Umebakiwa na mara moja, bibi."

Mwanamvua akarudi analia. "Mama, mgongo wangu una nini?"

Mama mkwe akajiinua kitandani. "Lete miiba ya mlimau, mwanangu. Fumba macho."

Akamgusa mgongoni kwa miwili. "Mmoja."

Akamgusa pajani kwa miwili. "Mmoja."

Akamgusa kwenye ncha ya kidole. "Miwili, mama! Miwili kabisa!"

Wakakumbatiana, wakacheka mpaka majirani wakachungulia.

Siku ya tatu Mwanamvua akasema: "Bwana Nungunungu, niguse popote, ila vidole uniachie. Vya mfinyanzi vimekufa ganzi kwa udongo."

Macho ya Nungunungu yakang'aa. "Ahaa! Fumba macho, lete kidole!" Chwi!

"Miwili."

Nungunungu hakuamini, akaibananisha miiba. Chwi!

"Miwili bado."

Akatoa mmoja. Chwi!

"Mmoja. Na ncha yake butu, bwana."

Nungunungu akasogea kando. Mwanamvua akajaza mtungi hadi mdomoni. Mama mkwe akanywa kata ya kwanza, akanywa ya pili, ya tatu akajimwagia kichwani.

Kesho yake kijiji kizima kikapanga foleni, mikono mbele. "Kidole, bwana! Kidole!" Kufika adhuhuri Nungunungu amechoka kushindwa, akakimbilia shimoni. Mpaka leo mchana humwoni.

Basi, wanangu, mwili ni mmoja lakini hausikii sawa kila mahali. Ujue wako kabla mjanja hajaujua.

Hadithi nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Na wewe unayesinzia, nimekugusa mgongoni kwa vidole vinne. Umesema kimoja?