Petali ya Tano ya Ua la Mkrismasi

Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Krismasi, saa kumi na moja kasoro robo jioni. Saa hiyo haikubahatishwa: ndiyo saa ambayo, katika mwezi huo, kivuli cha kilele cha mlima hugusa mlango wa ndiva, lile bwawa ambamo watu wa Juu na watu wa Chini walikusanya maji ya mfereji wao. Kando ya ndiva ulisimama mti mmoja, uzao wa mbegu iliyotoka kisiwa cha Bukini, ng'ambo ya bahari. Zama hizo haukuitwa mkrismasi, na maua yake yalikuwa meupe, petali zote tano zikilingana.

Mwaka huo mvua za vuli ziligoma. Desturi ilitaka ndiva ijae usiku na ifunguliwe alfajiri, lakini watu wa Chini walishukiwa kuifungua gizani. Katika ugomvi huo kijana mmoja wa Juu aliuawa. Basi wanaume wa pande zote mbili wakajipaka udongo mwekundu wa vita, wakasimama na mikuki, hawa huku na hawa kule, wakaapa kwamba atakayevuka mlango wa maji hatarudi.

Bibi Nakundwa, mkunga wa Juu, alisikia sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo. Alikuwa Naetwe wa Chini, mimba yake ya kwanza, mwenye uchungu tangu juzi. Kwa kuwa Chini hapakuwa na mkunga, wakwe zake walikuwa wamembeba hadi chini ya ule mti, wasithubutu kupita hapo. Sauti ilikuwa ikififia, na hilo lilimtisha Nakundwa kuliko makelele. Akachukua kibuyu chake cha maziwa, akashuka.

Mlangoni alimkuta Sengondo, kaka wa marehemu.

“Rudi, Bibi. Nimeapa.”

“Umeapa kwa kinywa chenye meno. Nilipokupokea hukuwa na hata moja.”

“Nasema rudi!”

“Kitovu chako nilikikata mimi, Sengondo. Leo wewe wataka kunikata nini?”

Mtu mmoja akacheka, kisha akajutia kicheko chake. Sengondo aliinua mkuki hadi ncha ikamgusa bibi kifuani. Nakundwa hakuutazama mkuki. Aliitazama mikono iliyoushika, akaona inatetemeka. Alijua kwamba mkono unaotetemeka huweza kuua bila kukusudia. Akasonga polepole, bila kusita, ncha ikiteleza juu ya kanga yake, mpaka ikawa nyuma yake. Mbele akapokewa na mikuki mingine. Nayo akaipita.

Kanga zikatungikwa kuwa pazia. Hakuna aliyeketi, wa Juu wala wa Chini. Jua likazama. Sauti ya Naetwe ikakatika kabisa, na mumewe akaanza kulia waziwazi. Ndipo mtoto naye akalia, na nyuma ya pazia Naetwe akamwitikia.

Sasa, desturi ya huko ilikuwa hii: mtoto mchanga sharti aonyeshwe kwa wote waliokuwapo, wala asionwe na mtu mwenye udongo wa vita mwilini. Kuuosha ndani ya ndiva kulikuwa mwiko. Nakundwa akainamisha tawi.

“Jifuteni kwa maua haya. Petali moja ya kila ua niachieni, ni ya mtoto.” Akaipaka maziwa kwa kidole gumba, iwe alama.

Wakaja mmoja mmoja, wakajifuta, na maua yakawa mekundu, petali nne nne. Sengondo alibaki amesimama peke yake. Wote walingoja, na mkuki ulikuwa bado mkononi mwake. Mwishowe aliulaza chini, akasogea, akajifuta kwa vidole visivyotulia, hata udongo ukarukia petali ya mtoto.

“Ameinajisi! Ling'oeni ua hilo,” akasema mmoja.

“Liacheni,” akasema Nakundwa. “Maadamu Sengondo amefika.”

Na tangu siku hiyo mkrismasi huchanua mwekundu kila Desemba. Mwanafunzi yeyote akiliokota ua lake na kulichunguza, ataona petali nne nyekundu na ya tano yenye weupe, imetapakaa madoa.

Wako wanaosimulia kwamba mtoto yule alizaliwa usiku wa manane, hao wanapamba. Ilikuwa magharibi, mwanga ukitosha watu kuonana nyuso. Na wako wanaodai kwamba wekundu ule ni damu. Wamekosea. Siku hiyo pale ndivani haikumwagika damu yoyote, isipokuwa ile ya uzazi.