Pimbi na Mgeni wa Ukoo wa Nuki

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kugombana jikoni kama sisi, Tembo alikuwa na nyumba kubwa kupita zote. Ilikuwa na ua mpana, kisima, na ghala la chakula ambalo mlango wake ulifungwa kwa kufuli.

Kazi za nyumba hiyo zilifanywa na wageni kutoka mbali. Popo alitafuta matunda yaliyoiva. Nungunungu alishona mikeka kwa miiba yake. Shida ilikuwa moja: kila mgeni alikuwa na lugha yake, na Tembo, pamoja na masikio yale yote, hakujua lugha ya mgeni hata mmoja.

Kwa hiyo aliweka wakalimani. Walikaa kwenye benchi refu karibu na lango. Mgeni akifika, aliulizwa mambo mawili tu, ukoo wake na jina lake. Tembo alitangaza, na mkalimani anayeijua lugha ya ukoo ule alinyanyuka. Alikabidhiwa mgeni wake pamoja na ufunguo wa ghala ili amlishe, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kusema na mgeni huyo.

Msione ajabu, wanangu. Hata kompyuta ya shuleni kwenu, ukiichomekea kipanya au printa, ndani yake kuna mkubwa wa nyumba anayeuliza vivyo hivyo: wewe ni wa ukoo gani, na nani humu anajua lugha yako? Akikosekana wa kuijua, kipanya kinabaki pale kimenuna, hakisogezi kitu.

Sasa, mwishoni mwa benchi lile alikaa Pimbi, yule mnyama wa majabalini, mdogo, mnene, asiye na mkia wa kuringia. Alijua lugha moja tu ya wageni, ya ukoo wa Kakakuona, ambayo husemwa kwa kukwaruza kucha juu ya jiwe. Yeye alimwita Tembo mjomba. Watu walicheka, maana undugu gani huo, mmoja kama mlima na mwingine kama mkate? Lakini ulikuwa undugu wa kweli, wa tangu kwa mababu, na Pimbi hakuchoka kuwakumbusha watu, hasa chakula kikigawanywa.

Mwaka huo mvua zilichelewa na kisima kikaanza kukauka. Tembo akapeleka ujumbe mbali, atafutwe fundi wa kuchimba. Siku hizo Pimbi alikuwa amekwenda majabalini kumuuguza mama yake. Na siku hizo hizo alifika Fisi.

Fisi hakuuliza nafasi. Aliwasukuma wenzake, akakaa katikati ya benchi, likalia kwaa.

"Bwana mkubwa," alisema, "wakalimani wote hawa wa nini? Mimi najua lugha zote."

"Zote?" aliuliza Tembo.

"Zote, na mbili tatu ambazo hazijaanza kusemwa."

Tembo alikuwa hajawahi kudanganywa na mkalimani, kwa hiyo hakuwa na desturi ya kumpima yeyote. Kakakuona alipofika langoni, na jina la ukoo wake likatangazwa, Fisi alikwisha kusimama kabla tangazo halijaisha. Akapewa mgeni, akapewa na ufunguo.

Pimbi aliporudi alikuta nyumba imegeuka. Nungunungu alikuwa amefunga virago akaondoka kwa hasira. Popo alikuwa ameamrishwa kufanya kazi mchana wa jua kali, akawa anajigonga ukutani, puu, puu. Kasuku, aliyekuwa mkalimani wa Popo tangu zamani, alikaa kwenye benchi manyoya yamemsimama.

"Shoga, huyu Fisi amemchukua Popo wangu," alisema Kasuku. "Na wako pia amemchukua. Nenda kamtazame."

Pimbi alikwenda kisimani. Kakakuona alikuwa amejikunja kama mpira, magamba yote nje, hatikisiki. Kando yake Fisi alikuwa akitafuna mnofu.

"Mgeni ana nini?" aliuliza Pimbi.

"Mvivu," alijibu Fisi, mdomo umejaa. "Kutwa amelala. Ameniambia hawezi kuchimba bila nyama, nami namletea."

"Nyama iko wapi?"

"Ameshiba. Hii ni mabaki."

Pimbi alijua kwamba Kakakuona hana hata jino moja. Ukoo wao wote hula mchwa na sisimizi, na hujikunja hivyo wakiogopa. Aliinama apate kukwaruza jiwe, amsalimie tu, lakini Fisi akaweka mguu wake juu ya lile jiwe.

"Mgeni huyu ni wangu," alisema. "Sheria ya nyumba unaijua."

Pimbi alikimbia hadi kwa Tembo. "Mjomba, yule mgeni anakufa njaa. Fisi hajui lugha yake. Anakwambia wageni wanaomba nyama, halafu anaila yeye."

Tembo alishusha pumzi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. "Fisi ameniambia ungekuja kusema hivyo. Amesema una wivu. Mimi nitajuaje, mwanangu? Wewe unasema hivi, yeye anasema vile, na mgeni mwenyewe simwelewi." Akatazama pembeni kwa haya. "Tena nimekubaliana naye. Maji ni haba, siwezi kuwalea wakalimani wengi. Kesho benchi litavunjwa, abaki Fisi peke yake. Nisamehe."

Pimbi alitoka akiwa amejaa hasira hadi masikioni. Alifikiri kwenda kumng'ata Fisi mguu, kisha akautazama mguu wa Fisi na akautazama mdomo wake mwenyewe, akaliacha wazo hilo. Akaenda jikoni akakaa kwenye kivuli cha kinu.

Akakitazama kinu kile. Kilikuwa cha mti wa mvule, kizito, kimesimama wima kwa kujiamini, hakisemi neno. Taratibu Pimbi akaanza kutabasamu.

"Kasuku," aliita, "nitafutie mkeka na kilemba. Na unisaidie kuvingirisha kitu."

Asubuhi yake, kabla benchi halijavunjwa, watu wa nyumba walisikia langoni, ngo ngo ngo. Walipofungua walimkuta mgeni mfupi mnene, amejifunika mkeka kutoka shingoni hadi chini, kichwani kilemba kikubwa kimemziba uso wote. Kando yake amesimama Pimbi, mikono kifuani, kwa heshima.

"Mjomba, nimemkuta njiani," alisema Pimbi. "Lugha yake siijui. Nimeshika jambo moja tu, kwamba ni wa ukoo wa Nuki."

Kasuku, aliyekuwa juu ya benchi, alipaliwa na mate akaanza kukohoa. Ilibidi Popo ampige mgongoni kwa bawa.

Tembo akatangaza kwa sauti nzito. "Ukoo wa Nuki. Nani anajua lugha ya ukoo wa Nuki?"

"Mimi," alisema Fisi, naye alikwisha kufika langoni. "Wanuki nimekaa nao. Nimekula nao, nimelala kwao. Hakuna hapa anayewajua kama mimi."

Akamzunguka mgeni, akaguna, akapiga mluzi, akasema maneno kama mtu anayesukutua mdomo. Kisha akatega sikio, akitikisa kichwa kwa huruma. Mgeni alikuwa kimya, tii.

"Anasemaje?" aliuliza Tembo.

"Anasema safari ilikuwa ndefu. Miguu inamuuma. Anaomba nyama, ile ya mafuta kidogo."

"Maskini," alisema Pimbi. "Hebu muulize anajua kazi gani."

Fisi akaguna tena, akasikiliza. "Anaita mvua. Ni mwitaji mkubwa wa mvua, lakini hawezi kuanza kabla ya kula."

Watu wa nyumba waliposikia habari ya mvua walisogea karibu. Pimbi aliona midomo yao mikavu, akaona na tumaini lilivyowaingia machoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutaka kucheka. Aliona ni bora amalize haraka.

"Muulize swali moja la mwisho," alisema. "Ameoa?"

Fisi alishaingia kwenye utamu wa maneno yake. "Ameoa. Ana mke mmoja, mrefu, mwembamba, mkorofi sana. Kutwa kumpiga. Ndiye aliyemfanya ahame kwao."

Hapo hata Pimbi alishtuka, maana hakutarajia kusaidiwa kiasi hicho.

"Basi mke mwenyewe ninaye," alisema. Akanyoosha mkono nyuma ya lango, akautoa mchi. Kisha akavuta kilemba, akavuta na mkeka.

Kinu kilisimama pale palepale, mbele ya watu wote, bado kina unga wa jana mdomoni.

Halafu Kasuku akaanguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko, na ua mzima ukalipuka.

"Nuki," alisema Tembo polepole. "Ki-nu. Nu-ki." Masikio yake yalilegea. "Kwa hiyo umesema na kinu changu, Fisi."

"Bwana mkubwa," alisema Fisi, akirudi nyuma hatua kwa hatua, "usidanganyike. Huyu ni Mnuki halisi. Anajifanya kinu kwa sababu ya aibu."

Tembo alinyoosha mkonga. "Ufunguo."

Fisi aliutoa. Kilichofuata ni vumbi barabarani.

Tembo akamgeukia Pimbi. Pimbi alidhani atashukuriwa, hata alikwisha kuinua kidevu. Lakini Tembo hakumpa ufunguo.

"Fisi alikuwa mwongo, hilo nimeliona," alisema. "Bado sijajua kama wewe ni mkweli. Nikikupa mgeni huyu, nitajuaje kwamba unaielewa lugha yake?"

Swali lile lilimuuma Pimbi, yeye aliyejiita mpwa kila wakati wa chakula. Akaona kwamba mjomba wake ameuliza sawasawa.

"Usiniamini," alisema. "Twende kisimani. Weka mguu wako popote unapotaka, kisha uniambie nimwambie achimbe hapo. Mtazame yeye, usinitazame mimi. Asipofanya, nitaondoka na mkeka wangu."

Walikwenda wote. Kakakuona alikuwa amejikunja vilevile. Tembo alizunguka, akaweka mguu mahali palipokauka kabisa, mbali na kisima cha zamani, akauondoa. Pimbi alichutama, akakwaruza jiwe kwa upole, kwaru, kwaru-kwaru. Mpira wa magamba haukusogea. Akakwaruza tena, sasa salamu ile ndefu ya ukoo wao, inayouliza habari za wazazi na za vichuguu vya nyumbani.

Gamba moja lilifunguka. Kisha jingine. Ukatokea mdomo mwembamba, likatokea jicho dogo lililojaa vumbi. Kakakuona alinyoosha ukucha, akakwaruza naye, kwa udhaifu.

"Anasemaje?" alinong'ona Tembo.

"Anasema mahali pale ulipoweka mguu atachimba, lakini hapana maji hata chembe. Maji yako kando ya ule mti mfu, ameyanusa tangu siku aliyofika. Na anauliza kwa nini watu wa nyumba hii wanamrushia mifupa."

Tembo alifumba macho kwa aibu. Yeye mwenyewe alikwenda kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya ghala, akakivunja kwa pembe, akamletea mgeni mchwa walio hai. Kakakuona alikula ulimi ukienda na kurudi. Akachimba kwanza pale pa mguu, kama alivyoambiwa, na pakawa pakavu kama alivyosema. Ndipo Tembo akamkabidhi Pimbi ufunguo, mbele ya wote. Kisha Kakakuona akahamia kando ya mti mfu, udongo ukaruka, fyaa, fyaa, mpaka akapotea shimoni na sauti ya kucha ikabadilika, ikawa ya kitu kinachopiga tope.

Kasuku alirudishiwa Popo wake siku ileile, baada ya yeye naye kupimwa, jambo ambalo alilalamikia hadi jioni. Nungunungu alifuatwa akaombwa radhi. Na tangu hapo Tembo hakumpa mkalimani yeyote ufunguo kabla ya kumwona mgeni mwenyewe akitenda kilichosemwa.

Pimbi alikuwa wa kwanza kuletewa maji, kata nzima, na mjomba wake mwenyewe. Aliyanywa yote bila kupumua, yakamwagikia kifuani.

Basi wanangu, hadithi yangu imefika ukingoni, na funzo lake ni hili: anayesema anaweza kila kazi, mpe kazi moja kwanza, umtazame.