Ngiri Aliyelinganisha Vibanda

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Anayetafuna muwa ateme. Na ninyi wakubwa mliojibanza mlangoni mkijifanya mmekuja kuchukua moto, kaeni chini, hii inawahusu kuliko watoto. Kimya. Kimya, nisikie inzi akiruka.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wangapi?

Wote tuliopo, na wa mgongoni pia!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba yao na mavuno yao, alikuwapo Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na mke, na watoto watano, na mdomo. Mdomo ndio uliokuwa mkubwa kuliko vyote.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu. Jua lilikaa, likakaa, likakaa. Chakula kikaisha. Nyumbani kwa Ngiri kikabaki kikapu kimoja cha karanga za mbegu, kimening'inia juu ya mafiga, kikila moshi ili wadudu wasiziguse. Watoto walishinda na njaa, wakikitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Karanga za mbegu haziliwi. Hata yule wa kutambaa alijua.

Sasa, siku hizo Swala na Nyani walikuwa na mchezo wao wa tenisi. Uwanja ukafyekwa. Wavu ukafungwa. Raketi zikasukwa kwa katani. Po! Po! Po! Msitu mzima hauna habari nyingine. Na kando ya uwanja vikaota vibanda vya kubashiri, vitatu, kama uyoga. Kimoja cha Kunguru, kimoja cha Kicheche, kimoja cha Kinyonga.

Mambo yao yalikuwa hivi. Unanunua kijiti cha Swala, au unanunua kijiti cha Nyani. Mchezaji wako akishinda, kila kijiti unalipwa karanga kumi. Akishindwa, kijiti chako kachokonolee meno.

Ngiri akaangua kikapu. Mkewe akasimama mlangoni.

"Baba Sikudhani, hizo ni mbegu. Mawingu yale pale, mvua haipiti siku tatu."

"Mama Sikudhani, wewe hujui hesabu. Wajinga ndio wanaocheza kamari. Mimi ninalinganisha."

"Unalinganisha nini?"

"Vibanda!"

Akampita. Akaenda zake, kifua mbele, kama bwana harusi.

Akafika kwa Kunguru. "Kwaa! Karibu bosi! Kijiti cha Swala karanga sita tu!"

"Ghali," akasema Ngiri. Chuku, chuku, chuku, mpaka kwa Kicheche.

"Saba," akasema Kicheche.

"Saba! Na unavyonuka hivyo?"

"Nanuka, ndiyo. Lakini kwangu mchezo ukikatika katikati, narudisha nusu. Kaulize wenzangu kama wanarudisha hata ganda."

Ngiri akacheka akashika mbavu. "Ukikatika! Mchezo ni uzi? Unauza hofu wewe!" Chuku, chuku, chuku, mpaka kwa Kinyonga.

Kinyonga alizungumza polepole, kama aliyekula akashiba. "Tano, mzee wangu... Hapana, ngoja... sasa hivi ni nne."

Nne! Ngiri akarudi kwa Kunguru kuhakikisha. Akarudi kwa Kicheche kumcheka. Akarudi kwa Kinyonga. Jua linawaka, jasho linamtiririka, na wimbo anao:

Kwa Kunguru sita,
kwa Kicheche saba,
kwa Kinyonga nne,
nani mjanja kama mimi?

Mwitikieni: Hakuna!

Tena!

Hakuna!

Hakuna, kweli kabisa. Mwingine kama yule alikuwa bado hajazaliwa. Siku hizi ndio wamejaa.

Kando ya uwanja Kanga alikuwa akitengeneza matuta yake. Akainua kichwa. "Shemeji Ngiri! Swala mwenyewe umemwona?"

"Nimwone saa ngapi? Huoni niko kazini?"

"Tangu juzi anachechemea. Geuza shingo tu, yule pale anafanya mazoezi."

Ngiri hakugeuza shingo. Wajukuu zangu, shingo ni yake, uwanja uko nyuma yake hatua kumi, na hakugeuza. "Bi Kanga, mimi sitazami miguu. Natazama bei. Bei ya Swala inashuka, na kitu kikishuka ndipo mwenye akili ananunua."

"Na hujajiuliza kwa nini inashuka?"

"Lima, Bi Kanga. Lima. Hesabu tuachie sisi."

Kanga akainama, akalima.

Pale pale Kinyonga akaita, "Tatu!"

Tatu! Ngiri nusura azimie kwa furaha. Akakipindua kikapu. Shaaa! Karanga zote za mbegu, mpaka ile ya mwisho iliyonasa kwenye ukili wa kikapu aliichokoa kwa ukucha. Akapewa vijiti, akavikumbatia kama mahari.

Mchezo ukaanza. Nyani, po! Swala, pa! Nyani, po! Swala, pa! Nyani akapiga kulia, Swala akafika. Nyani akapiga kushoto, Swala akafika kwa miguu mitatu. Nyani akapiga kulia tena. Swala akaruka, akatua, akakaa kitako.

"Sichezi tena," akasema Swala. "Mguu umekataa."

Nyani akainuliwa juu juu. Ngiri akatimua vumbi mpaka kwa Kinyonga.

"Mchezo umekatika! Nirudishie nusu!"

"Nusu ni ya kwa Kicheche, mzee wangu. Kwangu aliyekaa chini ameshindwa."

"Hukuniambia!"

"Hukuuliza. Uliuliza bei, nikakupa bei."

Na tone la kwanza likaanguka. Ta. La pili. Ta. Mvua. Mkewe huyo, mbio, na watoto watano nyuma yake.

"Baba Sikudhani, mvua! Mbegu ziko wapi?"

"Kosa lilikuwa kibanda, mke wangu. Ningenunua kwa Kicheche..."

"Mbegu ziko wapi?"

"...ningerudishiwa nusu! Au hata kwa Kunguru, kwa sita, vijiti vingekuwa vichache, basi na hasara ingekuwa..."

"Ingekuwa kikapu kile kile, Ngiri! Mbegu ziko wapi?"

Sikudhani, binti mkubwa, akakiokota kikapu. Akakitikisa sikioni. "Mama, ni chepesi," akasema.

Mke hakulia. Hakutukana. Aliwageuza watoto, akaenda nao mpaka kwenye matuta. "Dada Kanga, nina mikono na sina mbegu."

"Mimi nina mbegu na mvua imenikuta nusu shamba," akasema Kanga. "Ingia. Tulime, tugawane."

Wakalima. Wakapanda. Mvua ikinyesha wanapanda, mvua ikikatika wanapalilia. Na Ngiri? Ngiri yuko vibandani, anawaeleza wapita njia kibanda kipi angenunua.

Karanga zikakomaa. Siku ya kung'oa, Ngiri akatokea, mate yanamdondoka. "Mke wangu, nimekuja."

Mkewe akaegemea jembe. "Mbona haraka, Baba Sikudhani? Linganisha kwanza. Labda liko shamba lingine lenye bei nzuri kuliko hili."

Watoto wakacheka. Kanga akacheka. Ngiri hakuvuka mpaka. Walipomaliza, akaachiwa ardhi iliyokwisha kung'olewa karanga. Akapiga magoti kwenye tope, akachimba kwa pua, kutafuta karanga iliyosahaulika. Akapata moja. Ilikuwa kapi, ganda tupu.

Basi sikilizeni, na wa mlangoni msikilize. Mbegu ya watoto haichezewi. Anayeibeba kwenda kubashiri, kwa sita amepotea, kwa saba amepotea, kwa tatu amepotea kwa furaha. Asijiite mjanja kwa sababu ya mlango alioingilia.

Hadithi yangu imekomea kwenye matuta hayo, haitembei zaidi. Mirathi ndiyo hii: mke wa Ngiri alirithi nusu ya shamba la karanga, na Sikudhani akairithi kwake. Kanga alirithi jirani mwema. Kinyonga alirithi kubadilika badilika, hakuna amwaminiye hata leo. Na Ngiri, mkimwona porini akila, mtazameni miguu ya mbele: alirithi magoti yenye sugu.